Kengele za Usiku wa Manane

Kabla sijaeleza namna nilivyowaamsha watoto thelathini na wawili na watu wazima wanane ili waje kula uji wa moto chini ya mvua, ni haki nikiri kosa la awali, ambalo ni kumpandisha cheo marehemu babu yangu bila idhini yake. Babu mzaa mama alikuwa mpishi wa jahazi. Jahazi lenyewe lilichukua karafuu kutoka Wete hadi Unguja, na misimu mingine lilishuka mpaka Rufiji kupakia boriti, na kazi ya babu katika safari zote hizo ilikuwa kuhakikisha kwamba wali hauungui na moto hautoki katika sanduku lake la mchanga. Nilipokuwa nasoma Pemba alibaki kuwa mpishi, kwa sababu watu wa Wete walimjua. Nilipohamia Dar es Salaam akawa sarahangi. Nilipofika Marekani, miaka kumi na moja iliyopita, akawa nahodha, na kwa kuwa mtaani kwetu hakuna mtu wa Wete wa kumshusha, amekaa katika cheo hicho kwa amani.

Amani hiyo ilivunjwa na barua kutoka shuleni kwa binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi. Darasa lao lilikuwa likisoma habari za mabaharia wa zamani, na likaalikwa kulala usiku mmoja ndani ya meli ya matanga ya karne ya 19, meli ya chuma yenye milingoti mitatu, iliyoundwa Scotland katika miaka ya 1880 kwa ajili ya kubeba ngano, na ambayo sasa imefungwa gatini katika mji mmoja wa pwani ya magharibi ya Marekani. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu wenyewe bado wanalikumbuka langu. Walitakiwa wazazi wachache wa kufuatana na watoto, na katika kikao cha maandalizi mwalimu akauliza kama kuna yeyote mwenye uzoefu wa bahari. Nikanyoosha mkono nikasema kwamba babu yangu alikuwa nahodha katika Bahari ya Hindi. Mwalimu akajishika kifua kwa furaha. Mke wangu, aliyekuwa ameketi pembeni yangu, akaniambia kwa Kiswahili huku akiwatabasamia watu, "Baba watoto, wewe hata kwenye boti ya Unguja huvuki mkondo wa Nungwi bila mfuko." Mwalimu akauliza mama anasema nini. Nikamjibu kwamba ananiombea dua ya safari.

Tulipanda melini Ijumaa moja ya mwezi wa Machi, saa tisa alasiri. Juu ya ngazi alisimama kijana mwenye ndevu nyekundu na kofia ya sufu, aliyeajiriwa kuwa naibu nahodha, na ambaye nafikiri kazi yake ilikuwa kupiga kelele kwa mshahara. Alitutangazia kwamba kuanzia hapo mwaka ni 1891, kwamba simu na saa za mkononi zote ziingie katika gunia lililokuwa miguuni pake, na kwamba jibu la kila amri ni "Naam, bwana!" kwa sauti ya kusikika hadi ncha ya mlingoti. Watoto walifurahi mno. Mimi niliitazama simu yangu ikizama guniani na nikajisikia kama mtu anayezikwa nusu.

Kisha tukagawanywa katika vikosi: wa kamba, wa sitaha, wa mashua, wa jikoni, na wa batli na kengele. Kwa siri niliomba nipangiwe jikoni, kwenye joto na kwenye asili ya ukoo wetu, lakini mwalimu alikwisha kumnong'oneza yule kijana, naye akanielekezea kidole mbele ya kadamnasi. "Mjukuu wa nahodha," akanguruma, "atashika hali ya hewa na saa." Nikapewa watoto sita, binti yangu akiwa mmoja wao, na kitabu kikubwa cha jalada gumu.

Batli si kitabu cha mchezo. Katika meli za zama zile ilijazwa mchana na usiku, ikieleza upepo unatoka wapi na kwa nguvu gani, meli inaelekea wapi, imekwenda maili ngapi, na mbingu zimekaaje. Afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, Matthew Fontaine Maury, alizikuta batli za zamani zimerundikana ofisini kama magazeti ya kufungia maandazi, akaona ndani yake kile ambacho wengine hawakukiona, na kuanzia mwaka 1847 akawa anatoa ramani za pepo na mikondo zilizotengenezwa kutokana na maandishi hayo. Nahodha aliyemletea batli yake alipewa ramani bila malipo. Nguvu ya upepo nayo iliandikwa kwa kipimo alichokibuni Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1806, kuanzia sifuri hadi 12, na uzuri wake ni kwamba mtu hakuhitaji chombo chochote: aliangalia tu matanga. Sifuri ni shwari tupu, na 12 ni upepo ambao hakuna turubai la kuustahimili.

Mambo haya niliyasikiliza vizuri, kwa sababu yalinipa nafasi ya kusema. Niliwaeleza watoto kwamba kwetu mabaharia hawakuhitaji namba kumi na mbili, kwani upepo ulikuwa na majina mawili yanayojulikana na kila mtu. Kaskazi, kuanzia Desemba, iliyashusha majahazi kutoka Arabuni. Kusi, ukishakaza baada ya masika, uliyarudisha. Na baina yake ni tanga mbili, ambapo mtu mwenye akili hukaa nyumbani akarekebisha chombo chake. Niliwafundisha pia kwamba upande unaotoka upepo ni goshini na upande unaokwenda upepo ni demanini, na wakawa wanayakariri maneno hayo mawili kwa bidii kubwa. Hata yule naibu nahodha alisogea kusikiliza. Ilikuwa saa bora kabisa katika maisha yangu ya ubaharia, na laiti ningeshuka gatini wakati ule.

Sikushuka. Naibu nahodha akaanza kueleza habari za kengele, nami, kwa kuwa ulimi ulikwisha kupata moto, nikamgeukia baba mmoja aliyekuwa kando yangu na kumsimulia habari za Sultana. Nilimwambia kwamba wao wanajifanya wako 1891, lakini sisi zaidi ya miaka hamsini kabla ya hapo, mwaka 1840, tulikwisha kutia nanga New York kwa meli ya Sayyid Said bin Sultan, iliyoongozwa na Ahmad bin Na'aman, ikiwa na tende, kahawa, ngozi, karafuu na pembe za ndovu. Yule baba alipendezwa sana. Akauliza kama babu yangu alikuwemo. Nilifikiri kidogo, nikahesabu miaka, nikasema kwa masikitiko kwamba hapana.

Kwa sababu ya mazungumzo hayo, yale niliyopaswa kuyajua kuhusu kengele niliyajua siku ya pili yake, ndani ya gari, kutoka kwa binti yangu. Siku ya baharia iligawanywa katika zamu za saa nne nne. Kila nusu saa, chupa ya mchanga ilipomalizika na kupinduliwa, kengele ilipigwa: pigo moja baada ya nusu saa ya kwanza, mawili baada ya saa nzima, na kuendelea hivyo hadi mapigo manane, ambayo maana yake ni kwamba zamu imekwisha, walio juu washuke wakalale na walio chini waamke. Kengele nane kwa hiyo hupigwa saa sita, saa kumi na saa mbili, mchana na usiku, na kisha hesabu huanza upya. Jioni peke yake zamu moja ya saa nne ilikatwa vipande viwili vya saa mbili mbili, ili idadi ya zamu za siku iwe witiri na watu walewale wasipatwe na usiku mbaya kila siku. Ni utaratibu wenye akili nyingi. Katika jahazi la babu siku ilikuwa na vituo vitano tu, alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, na sijawahi kusikia kwamba mtu aliamshwa kimakosa.

Mimi, badala ya kuuliza, niligundua utaratibu wangu mwenyewe. Usiku ulipoingia, kengele ilipigwa mara nane, na nilipotupa jicho mjini, kwenye saa kubwa iliyokuwa ukutani mwa ghala la gatini, nikaona mshale umekaa kwenye 8. Nikasema moyoni kwamba kumbe ni jambo jepesi, idadi ya mapigo ni idadi ya saa, kama saa ya ukutani ya mjomba. Nusu saa baadaye ilipigwa mara moja tu, lakini wakati huo nilikuwa chini ngamani nikipigania uhai wangu na biskuti.

Biskuti ya baharia ni unga na maji vilivyookwa mpaka vikasahau kwamba vilikuwa chakula. Ililiwa miezi minne mitano mfululizo, maana meli ya ngano kutoka pwani ile kwenda Ulaya ilizunguka Cape Horn na haikuwa na njia ya mkato, na mabaharia walikuwa na desturi ya kuigonga mezani kwanza ili fukusi watoke. Zetu hazikuwa na fukusi. Nadhani hawakuweza kuingia. Pamoja nazo tulipewa kikombe cha maji ya ndimu, kwa kumbukumbu ya sheria ya Uingereza, iliyokazwa mwaka 1867, ya kuwapa mabaharia maji hayo ili wasipatwe na kiseyeye. Kabla ya hapo tulikuwa tumesugua sitaha kwa mawe ya mchanga huku tumepiga magoti, na kwa sababu ya magoti hayo mabaharia wa Kiingereza waliliita jiwe kubwa Biblia na lile dogo kitabu cha sala. Mtoto mmoja aliniuliza kama babu yangu naye alisugua. Nikamwambia kwamba nahodha hasugui.

Baada ya chakula ilikuja kazi ya kutabiri hali ya hewa ya usiku. Juu ya sehemu waliyolala watoto kulikuwa na tundu kubwa la sitaha lenye mfuniko wa mbao, na naibu nahodha alitwambia kwamba wa kuamua lifunikwe au liachwe wazi ni kikosi cha batli, kwani ndivyo mtu anavyojifunza. Watoto wakasoma barometa. Alasiri ilikuwa inchi 29.9, na sasa ilionyesha 29.6. Mvulana mmoja mwenye miwani, mtoto makini kupita umri wake, akasema kwamba barometa ikishuka hivyo maana yake dhoruba inakuja, na tena upepo umegeuka, unatoka kusini.

Hapa lazima nijitetee kidogo. Karibu na ikweta barometa haina habari nyingi. Hupanda na kushuka kidogo mara mbili kwa siku, siku zote kwa mtindo uleule, na mtu wa Pemba anaweza kuishi na kufa bila kuiuliza chochote. Niliigonga kwa ukucha. Haikubadilika, nikaona imekwama. Nikatoka nje, nikainua uso, nikaziona nyota, nikalowesha kidole na kukiinua, kitendo nilichokiona kwenye filamu na ambacho hakikunieleza lolote, kisha nikatoa hukumu: hakuna mvua usiku huu, tundu liachwe wazi watoto wapate hewa. Yule mwenye miwani aliandika hukumu hiyo katika batli, na chini yake, kwa mwandiko mdogo zaidi, akaandika kwamba barometa inapinga.

Zamu za watoto zilipunguzwa ziwe za saa mbili mbili. Yetu ilikuwa kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi. Nililala nikiwa nimevaa kila nguo niliyokuwa nayo, juu ya ubao uliopimwa kwa ajili ya baharia mfupi, na mara nikahisi mtu ananitikisa bega. Alikuwa yule baba wa Sultana, macho yamemvimba, mkononi ana taa na ile chupa ya mchanga, ambayo wazee wetu waliiita shisha kabla neno hilo halijahamia kwenye vijiwe vya moshi. "Mchanga unakaribia kwisha," akasema. "Ukimalizika piga wewe, mimi sijiwezi." Akatokomea gizani.

Nikapanda sitahani na watoto wangu sita waliojifunika mablanketi. Nyota hazikuwepo tena. Upepo ulikuwa unapiga filimbi kwenye kamba, meli ikawa inajivuta na kujirudisha gatini kwa mlio wa mlango wa nyumba ya kale, na tumbo langu, ambalo halijali kama chombo kimefungwa au kimefunguliwa, likaanza kukumbuka mkondo wa Nungwi. Niliushika mlingoti. Saa ya ghalani ilionyesha 2. Nami, ingawa nimekaa Marekani miaka yote hiyo na mchana kutwa nazihesabu saa zao bila taabu, katika usingizi, katika homa na katika hofu sijui saa nyingine isipokuwa zile nilizozaliwa nazo.

"Baba, saa ngapi?" akauliza binti yangu kwa Kiswahili.

"Saa nane, mama."

Punje ya mwisho ya mchanga ikaanguka. Nikashika kamba ya kengele.

"Nadhani ni nne," akasema yule mwenye miwani.

Nilimtazama kwa huruma anayotazamwa nayo mtu asiye na nahodha katika ukoo wake, nikamwambia kwamba ni nane, na kwamba mambo haya sisi tumeyarithi. Binti yangu akaanza kusema, "Baba, lakini..." Nikainua mkono kumnyamazisha. Kisha nikapiga. Nilipiga vizuri sana, kwa jozi jozi kama nilivyosikia jioni, mawili, mawili, mawili, mawili, na mlio ukaenea juu ya maji na kurudi, nikajisikia kwamba hata babu, popote alipo, ameacha mwiko wake na kusikiliza.

Katika kikosi chetu kulikuwa na mvulana mwingine mwenye sauti ya muadhini. Yeye alikuwa amesikiliza mafunzo yote, na alijua kwamba kengele nane zikipigwa ni wajibu kuwaamsha wa chini. Alikimbilia kwenye tundu lililokuwa wazi kwa uamuzi wangu, akainama, akapiga ukelele: "Kengele nane! Amkeni! Zamu mpya sitahani!" Sauti ilishuka bila kizuizi hata kimoja.

Kikosi cha mashua, ambacho zamu yake ilikuwa saa kumi, kiliamka na kuanza kutafuta viatu. Waliokuwa wakitafuta viatu waliwakanyaga kikosi cha kamba, nao wakaamka. Kikosi cha jikoni kilikuwa na amri ya peke yake, kwamba kengele nane za alfajiri zikilia wawashe jiko la makaa ili uji na kahawa viwe tayari watu wakiamka, na kiongozi wao alikuwa mama mmoja muuguzi, aliyezoea zamu za usiku, mtu wa aina ile ambayo huamka imekwisha kuvaa na haiulizi maswali. Nilikuwa bado naifungasha kamba ya kengele nilipoona moshi ukitoka katika bomba la jiko. Nikawaza kwamba Wazungu hawa wa karne ya 19 walikula mapema kweli.

Hapo mvua ikaanguka. Haikuanza kwa matone. Ilianguka kama iliyokuwa imeshikwa na mtu akaiachia. Watoto thelathini na wawili walikuwa tayari juu, wengine wamevaa kiatu kimoja, wengine wamejitanda mablanketi kichwani kama mabibi wa msibani, wakiuliza iko wapi alfajiri. Mwalimu alikuwa anawahesabu. Uji ulikuwa unakuja katika sufuria kubwa, unatoa mvuke, na matone yanarukia ndani yake.

Naibu nahodha akatokea mlangoni mwa chumba chake akiwa amevaa suruali ya kulalia yenye picha za bata wa njano, na mkononi ana simu inayomulika. Mwaka 1891 uliishia hapo. Aliitazama simu, akautazama uji, akanitazama mimi, na kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo akauliza nani amepiga kengele nane saa mbili usiku.

"Ni saa nane," nikasema.

"Ni saa mbili."

"Ndiyo. Saa mbili yenu ndiyo saa nane."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu siku inaanza asubuhi."

Alilifikiria jambo hilo kwa muda, maji yakimtiririka ndevuni, na naona lilikuwa gumu kulipinga. Nikaona nimepata mwanya, nikamweleza kwamba katika lugha yetu wakati huo hasa, wakati wa kiza kikuu ambapo kila kiumbe mwenye akili amelala, unaitwa usiku wa manane, na hakuna anayeuita usiku wa manne. Nilimfasiria neno kwa neno. Baadhi ya wazazi walikuja karibu kusikiliza. Alipokwisha kunisikia akauliza swali moja tu, kama babu yangu aliwahi kufika alikokuwa anakwenda.

Wakati huo ndipo sauti ya mwalimu ilipotoka chini. Alikuwa ameshuka kutafuta kiatu cha mtoto, akakuta mvua inaingia kwa lile tundu kama bomba lililopasuka, na mifuko yote ya kulalia iliyokuwa chini yake imelowa chepechepe. Akapanda mbiombio. Nilijua kwamba mambo yangu yamekwisha, maana katika batli iliandikwa wazi ni nani aliyesema liachwe wazi. Lakini mwalimu hakuwa amesoma batli. Alisimama mbele ya watu wote, nywele zimemganda usoni, akasema kwamba kama watoto wangekuwa wamelala, maji yale yangewakuta usingizini, na kwamba mjukuu wa nahodha aliinusa mvua kabla haijafika, akagonga kengele ya kuwaokoa. Wazazi wawili watatu wakapiga makofi.

Mtu mwema angekanusha. Mimi niliinua uso nikayatazama mawingu kwa namna ya mtu anayejuana nayo. Binti yangu alinitazama mimi, na yule mwenye miwani akakibana kitabu kile kwapani, kisilowe.

Naibu nahodha, ambaye alikuwa ameisoma batli kabla ya kulala, hakupiga makofi. Alifunika tundu mwenyewe, akaifunga kengele kwa taulo ili isipigwe tena na mtu yeyote hadi jua litoke, kisha akanisogelea na kuniambia kwa adabu kwamba kuanzia sasa ningefaa zaidi jikoni. "Naam, bwana!" nikajibu, na ndiyo amri pekee ya usiku ule niliyoipokea kwa moyo mkunjufu, kwa sababu jikoni kulikuwa na jiko.

Yule mama muuguzi alinikabidhi mwiko. Uji ulikuwa wa shayiri, mwepesi, bila iliki wala tui, na umeanza kushika chini, lakini niliukoroga kwa mwendo ule niliouona kwa babu, nikavuta sufuria pembeni ya moto, nikaongeza sukari ambayo nadhani ilitengwa kwa ajili ya kahawa. Watoto walirudi kuomba tena. Hakuna aliyelala baada ya hapo. Kulipokucha, mvua ilikuwa imepita, na mifuko ya kulalia thelathini na miwili ilitundikwa kwenye kamba za milingoti yote mitatu, ya rangi mbalimbali, kama kanga za Darajani siku ya mkesha wa Idi, na watu waliokuwa wakipita gatini na mbwa wao walisimama kupiga picha.

Kabla hatujashuka niliifungua batli. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtoto aliyetulia. Iliandikwa: "Saa 2:00 usiku. Upepo kusini, nguvu 5. Barometa 29.4, inashuka, haijakwama. Mvua kubwa. Kengele: 8 (ilipaswa kuwa 4). Mjukuu wa nahodha amehamishiwa jikoni. Uji mzuri."

Mwaka huu barua ya shule imekuja tena, kwa ajili ya darasa la mwanetu wa pili, na mwalimu ameongeza kwa kalamu pembeni kwamba wanatumaini sana baba atafuatana nao. Mke wangu hakuniachia niijaze. Aliijaza mwenyewe mezani, na mahali palipoulizwa uzoefu wa mzazi katika mambo ya bahari, akaandika: "Ukoo wa wapishi."